Msimu Tuliomnyamazia Nestori

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka inanijia kwa sura nyingine kidogo, mpaka nashindwa kuapa ipi ndiyo yenyewe. Nitakueleza kama nilivyoiona, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo usitegemee maneno ya kupangwa kama tofali.

Siku hiyo tulikuwa uwanjani Shanwe, jua la kiangazi limekaa utosini, na vijana wa Kaliua waliokuja kwa treni walikuwa wanatufunga vibaya. Mchezo wenyewe ulikuwa raga. Najua utacheka. Raga, Mpanda? Ndiyo, ule mpira wenye umbo la yai unaobebwa mkononi, watu wanakumbana kama madume zizini.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda bado ni wilaya tu ndani ya Rukwa. Raga ililetwa na mzungu mmoja wa visima, Bwana Alani, aliyekuja kuwachimbia watu maji vijijini. Jioni akitoka kazini anakuja uwanjani na mpira wake anatufundisha. Watu wazima walisimama pembeni wakishangaa: hawa wanataka kwenda mbele, mbona mpira wanautupa nyuma? Maana sheria ndiyo hiyo. Ukiwa na mpira unakimbia nao mbele, lakini ukitaka kumpa mwenzako lazima awe nyuma yako. Na kwa kuwa kisogo hakina macho, yule wa nyuma ndiye anayekuambia yuko wapi. Anaita, "Nipo kushoto," nawe unatupa huko bila kutazama.

Mwanzoni mwa kiangazi kile mkataba wa Bwana Alani ukaisha, akaondoka. Alituachia mpira, filimbi, na sheria ambazo tulizijua nusu. Simlaumu hata kidogo. Alifundisha vizuri, ni sisi tuliosikiliza zaidi penye kukumbana kuliko penye maelezo. Lakini msimu ule kila mechi ilikuwa na baraza katikati yake. Refa akipuliza filimbi tunamzunguka kumuuliza amepuliza nini, naye mara nyingine anatuuliza sisi.

Nahodha wetu alikuwa Masanja, Msukuma, kijana ambaye baba yake alihama kutoka Shinyanga na mifugo yake akaja kutafuta malisho huku kwetu. Alikuwa mtu wa haki, nataka ulijue hilo kabla sijaenda mbele. Hakuwahi kumpangia mtu namba kwa upendeleo, na akikosea yeye alijitoa mwenyewe akakaa nje. Kulikuwa na Deusi, Mfipa, mdomo hauna kufuli, yeye na Masanja wakitaniana mchana kutwa. Na nyuma kabisa, beki wa mwisho, alikuwa Nestori.

Nestori alitoka Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Wazazi wake walivuka kuja huku yeye akiwa mgongoni. Mjini alikuwa fundi baiskeli, na tulipanga ua mmoja, mlango wake unatazama wangu. Ili akae mjini alihitaji kibali kutoka makazini, na kibali kina mwisho, kikiisha lazima arudi akaombe kingine. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba jirani yangu ni mtu wa kusafiri safiri na hapendi kuulizwa. Uwanjani kazi yake ilikuwa kusimama peke yake na kudaka mipira inayopigwa juu, ile inayoshuka na mchanga na jua, wengine tunafumba macho. Yeye aliidaka kama mama anavyopokea mtoto mikononi mwa mwenzake.

Siku ya Kaliua hakuwepo. Hakuaga, hakutuma mtu. Kila mpira uliopigwa juu ulianguka chini kati yetu, Kaliua wakauokota wakaenda nao. Deusi, akiwa amelala chini, alimpigia Masanja kelele, "Bwana mkubwa, wanakupita kama ndama wanavyompita dume aliyezeeka." Siku nyingine Masanja angemjibu. Siku ile alimtazama tu, na Deusi akanyamaza, jambo lililotutisha kuliko mabao yenyewe.

Baada ya siku kadhaa Nestori akarudi. Masanja alikwenda kwake pale kwenye ubao wake wa kazi, mimi nikiwepo, akamuuliza alikuwa wapi. Nestori akasema alikuwa na safari. Safari ya wapi? Ya nyumbani. Akainama akaendelea kunyoosha spoku.

Sasa mwanangu, hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijatoka bado. Alichosema kilikuwa kweli chote. Lori alilopanda kurudi, nilikuja kujua baadaye, liliharibika njiani, nalo hilo hakulisema, na ofisi ya kibali ilimzungusha, hilo pia hakulisema. Kwao, nadhani, mtu haweki shida zake mezani kama mchele wa kuchambuliwa. Masanja naye aliona mtu aliyewaacha wenzake wakadhalilika, halafu anaulizwa anajibu kwa maneno mawili huku anatazama gurudumu. Ungekuwa wewe ungeona nini? Mimi siku hiyo niliona kiburi. Wakati mwingine, usiku huohuo labda, niliona aibu. Sura ya mtu ni ileile.

Jumamosi iliyofuata kabla ya mazoezi Masanja alituita pembeni. Akasema kwao kuna njia ya kumrudi mtu bila kumpiga. Wasukuma wana desturi ya kutenga. Mtu akiwakosea wenzake na asijali, hasalimiwi, haombwi moto wala hapewi, ng'ombe wake akipotea anamtafuta peke yake. Mpaka siku atakayokuja mwenyewe mbele ya watu, aseme nimekosa, atoe mbuzi, mbuzi aliwe na wote, na kuanzia hapo hakuna ruhusa ya kulirudia neno lile. Ni adhabu kali, lakini ina mwisho, na mwisho wake ni nyama. Masanja alikulia humo. Baba yake, Mzee Shija, alikuwa mkubwa wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, kule walikotoka na huku pia. Alipoeleza, kila mtu aliona ni jambo la busara kuliko kumfukuza. Tulinyoosha mikono. Deusi akauliza kama kutenga kunahusu pia kutengenezewa baiskeli, maana yake ilikuwa kwa Nestori bila tairi ya mbele. Watu wakacheka. Masanja akasema baiskeli ni kazi, achukue baiskeli yake, lakini asizungumze.

Basi tukaanza.

Nikuambie jambo ambalo waliomtenga mtu wa mbali hawalijui. Kumnyamazia mtu mnayelala ua mmoja ni kazi ngumu kuliko kilimo cha tumbaku. Asubuhi anatoka kupiga mswaki, nami natoka kupiga mswaki. Alikuwa ananisalimia kila siku, "Jirani, umeamkaje?" Siku ya kwanza sikujibu, nikajifanya nina povu mdomoni. Siku ya pili akasalimia tena, nikainua ndoo. Baadaye akaacha kusema, akawa anainamisha kichwa tu, na mimi nikawa sijui kama kuinamisha kichwa ni salamu inayokatazwa au haikatazwi. Nilimuuliza Masanja. Alifikiri sana, kisha akasema kwao hajawahi kusikia kesi ya kichwa. Nikawa nainamisha nusu.

Jioni akipika maharage harufu inakuja mpaka kitandani kwangu. Zamani angeniita. Sasa nasikia kijiko kinakwaruza sufuria, kijiko kimoja, halafu kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nikiusikia mshindo huo ukutani.

Lakini lililotuchanganya wote ni kwamba alikuja mazoezini. Kila Jumamosi, mapema kuliko sisi, anakuta uwanja una ng'ombe anawaswaga pembeni, anavaa jezi yake anakwenda kusimama mahali pake nyuma. Hakuna aliyemfukuza, kwa sababu kutenga siyo kufukuza. Hakuna aliyempa mpira, kwa sababu kumpa mpira ni kusema naye. Na kwa vile sheria ya raga inamtaka wa nyuma aite, yeye aliita. Nimeshika mpira nimebanwa na watu watatu, naisikia sauti yake wazi kabisa, "Nipo kushoto, jirani." Na mimi napeleka kulia, ambako hakuna mtu.

Wengine walisema anatudhihaki. Deusi alisema anatukomoa, anataka tuone aibu mbele ya watoto wa shule wanaotazama. Masanja alisema hapana, anajiandaa, siku yoyote atakuja kuomba, mpeni nafasi. Kila Jumamosi Masanja alibaki nyuma uwanjani baada ya mazoezi, anajifanya anafunga kamba za viatu, anamsubiri. Nilimwona. Alikuwa anataka yaishe kuliko sisi sote. Na Nestori naye anakaa kidogo, anakunja jezi polepole, anatazama huku na huku, kisha anapanda baiskeli yake anaondoka. Kila mmoja alimngoja mwenzake afungue kinywa, na mimi niliyewaona wote wawili nilifunga changu.

Mechi tukaendelea kufungwa. Kwenye mechi Masanja alimweka nje, kwa sababu huwezi kumtenga mtu na kumchezesha, akamweka nyuma kijana mwingine ambaye mikono yake ilikuwa kama imepakwa mafuta ya mawese. Watu wa mjini wakaacha kuja kututazama.

Ukafika mwisho wa msimu, mechi ya mwisho na vijana wa Tabora. Ilikuwa zamu ya Masanja kuchunga wiki ile, kwa hiyo akaniomba nimsindikize kijijini kwao akamwombe baba yake ruhusa. Tulimkuta Mzee Shija kwenye josho, ng'ombe wanapita mmoja mmoja ndani ya maji ya dawa, wanazama mpaka pembe halafu wanaibuka wanapiga chafya. Tuliamkia. Akaitikia bila kututazama, fimbo yake ikihesabu migongo. Masanja akaeleza ombi lake. Mzee akasema subirini ng'ombe waishe.

Tulisubiri. Ng'ombe hawakuisha, lakini katikati ya kuhesabu mzee alisema, kama mtu anayeongea na ng'ombe:

"Yule fundi baiskeli, Mrundi wenu, anaondoka na lori la Jumatatu. Mna habari?"

Hatukuwa na habari. Mzee akatueleza kwamba alipeleka baiskeli yake ikazwe mnyororo, na yule kijana akamuuliza swali la ajabu: huku kwenu, mzee, mtu akihama anamuaga nani? Kwamba anaona vibaya kuondoka bila kuaga, lakini watu aliozoeana nao hawasemi naye, na hajui amekosa nini, basi amuage nani? Mzee akamuuliza nani amekufukuza. Akajibu kwa methali tunayoijua wote: akufukuzaye hakwambii toka.

"Hatujamfukuza, baba," alisema Masanja. "Tumemtenga."

Hapo ndipo mzee aligeuka. Fimbo ikashuka. Ng'ombe mmoja akakataa kuingia majini, wa nyuma wakaanza kusukumana, na hakuna aliyewajali.

"Kwa kosa gani?"

Masanja akaeleza yote, kwa haki, hata yale ya upande wa Nestori aliyoyajua. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kosa lipo," alisema. "Sikatai. Nani alimpelekea habari?"

"Habari gani, baba?"

"Kwamba ametengwa. Kwa kosa hili, na akitaka kurudi aende kwa fulani na mbuzi wake. Nani alikwenda kumwambia?"

Masanja alinitazama. Mimi nikatazama maji ya josho.

"Kila mtu anajua," akasema Masanja. "Ukiona watu hawakusalimii, si unajua umetengwa?"

"Wewe unajua kwa sababu nimekuzaa mimi. Yeye amezaliwa na nani?"

Nilitaka sana kusema kitu cha kumsaidia Masanja, kwa sababu nilimpenda na niliona anavyovuja jasho, lakini kila neno nililolifikiria lilikuwa linamkandamiza zaidi. Mzee Shija hakupaza sauti. Alisema maneno ambayo nitakupa kama nilivyoyashika, ingawa labda nimeyapunguza au nimeyaongeza:

"Mimi nimetenga watu, Masanja. Wapo ambao nikiwakumbuka sina hakika kama nilifanya sawa, nitaulizwa kwa Mungu. Lakini hakuna hata mmoja aliyelala bila kujua kosa lake na bila kujua mbuzi wake ampeleke kwa nani. Mlango wa kutokea unaonyeshwa siku ileile ya kuingizwa. Nyie mmechukua fimbo yetu mkaacha mdomo wetu. Hiyo siyo kutenga. Sijui mnaiitaje."

Kisha akamgeukia yule ng'ombe mkaidi akamgonga paja, foleni ikaendelea. Ruhusa ya mechi alitoa, lakini kwa namna ya mtu anayemwondoa nzi.

Njiani Masanja hakupanda baiskeli, aliikokota tu, nami nikakokota yangu kwa heshima. Alikuwa anajiuliza kwa sauti. Kwa desturi mkosaji ndiye anayekuja. Nikienda mimi niliyetenga, nitakuwa nimetengua au nimejitukana? Na je, kama nikienda na yeye kweli alituacha makusudi siku ya Kaliua? Aliniuliza mimi ningefanyaje. Nilimwambia sijui. Ndilo jibu nililokuwa nalo, mwanangu, na hata leo sijapata bora zaidi. Tulipofika njia panda akasema nisubiri, akarudi kwao, akaja na mbuzi wake mwenyewe, beberu mwekundu mwenye kelele.

"Mbuzi si anatolewa na mkosaji?" nikamuuliza.

"Sasa hivi sijui mkosaji ni nani," akasema. "Lakini nikiwa na kamba mkononi, angalau nitakuwa na pa kuanzia."

Jumapili baada ya ibada tukaingia pale uani. Nestori alikuwa anafunga vifaa vyake kwenye gunia: koleo, spana, kopo la solusheni ya kuzibia mipira. Alituona, akasimama. Masanja akasalimia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya spoku. Nestori akaitikia kwa sauti ndogo, macho yake kwa beberu.

"Huyo mbuzi ni wa nini?"

Masanja akanipa mimi kazi kwa macho. Basi mimi nikaeleza, vibaya, naruka huku na huku: kwamba kwa Wasukuma kuna kutenga, kwamba tulikutenga kwa ajili ya Kaliua, kwamba kumbe ulitakiwa uambiwe, kwamba ukishatengwa unakuja mwenyewe mbele ya wenzako, unasema, yanaisha. Kwamba tulikuwa tunakusubiri uje.

Nestori alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, anajaribu kukamata neno. Akauliza tena taratibu:

"Mlikuwa mnanisubiri nije?"

"Ndiyo."

"Nilikuja kila Jumamosi," alisema. "Mlitaka nije vipi tena?"

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi, nimesikia mahubiri ya kila aina. Sijasikia neno lililonyamazisha watu kama lile. Hata beberu alinyamaza, au labda namsingizia.

Kisha akatueleza, bila hasira, na hilo ndilo lilituumiza. Alidhani tumemchoka kwa sababu ya alikotoka. Alidhani kuna mtu amesema jambo kuhusu kibali chake na sisi tunaogopa kuonekana naye. Kwao mtu akinyamaziwa, alisema, haendi kuuliza kwa nini, maana huko ni kulazimisha. Anaendelea kuja, anafanya kazi yake, anaonyesha kwamba hana kinyongo, mpaka walionuna wachoke kununa. Ndiyo maana alikuja. Kila Jumamosi aliyokuja na kuita, kwake yeye alikuwa anaomba. Na sisi tulimsikia, tukadhani anatudhihaki.

Masanja alikaa chini, palepale kwenye vumbi, mtu mzima na kifua chake. Akasema, "Nestori, mimi ndiye niliyesema utengwe. Kosa ulikuwa nalo la Kaliua. Langu ni kubwa zaidi." Nestori akasema la Kaliua ni kweli, angetuma mtu, hakutuma kwa sababu ya aibu ya kusema habari za kibali. Kwa hiyo yote mawili yakasemwa, nami nikashuhudia, na sitaki usimulie hadithi hii siku moja ukasema upande mmoja ulikuwa safi.

Mbuzi akachinjwa. Wenzetu wakaitwa. Deusi alifika na ugali wa watu wengi na mwanzoni hakupata utani wowote, akakaa anatafuna tu, mpaka Nestori mwenyewe akamwambia, "Hela ya tairi yako ya mbele bado nadai, Mfipa, au nayo ilitengwa?" Watu wakacheka kwa kelele kuliko utani ulivyostahili, na Deusi akafuta macho akisingizia moshi.

Tulipomaliza kula Masanja alimwomba abaki. Alimwomba vizuri, mbele ya wote, kama desturi ya kwao inavyotaka mtu aombwe. Nestori akatikisa kichwa.

"Nimeshaaga," alisema. "Nimemuaga baba yako. Nimeaga kanisani. Mama amepata habari kwamba naja. Kwetu mtu akiaga halafu akabaki, anakuwa kama aliaga ili abembelezwe."

Desturi yetu ilimfungia mlango, tulipokuja kuufungua, desturi yake ikawa imemtoa. Jumatatu Masanja ndiye aliyembebea gunia mpaka kwenye lori. Mimi nilibeba ubao wa kazi. Tuliinua mikono, lori likaingia vumbini kuelekea Mishamo, na tukarudi tunatembea kila mmoja upande wake wa barabara.

Na Tabora walitufunga. Sitakudanganya kwamba tulishinda. Mvua zilipoanza watu wakaenda mashambani, na kiangazi kilichofuata hakuna aliyepuliza filimbi.

Miaka mingi baadaye, Warundi wengi wa kule walipokwisha kupewa uraia, nilifika Mishamo kwa shughuli za mazao. Nikauliza, nikaonyeshwa. Nestori ana shamba la mahindi, ana wajukuu, mvi zake nyingi kuliko zangu. Aliniita jirani kabla sijataja jina. Tulikula maharage. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kama tusingemnyamazia msimu ule, angebaki mjini? Alifikiri akaniambia hapana, mama yake alikuwa anaumwa, angerudi tu. Alisema hivyo akinitazama usoni, taratibu, kwa upole. Nami mpaka leo sijui kama aliniambia kweli au alinipunguzia mzigo. Sikumuuliza mara ya pili. Labda nilipaswa kuuliza.

Basi nasaha yangu ni hii, na ichukue kama ya mtu asiyejiamini sana, ila kwa hili moja naamini. Mwenzako akikukosea, kasirika, una haki yako. Lakini mwambie kosa lake kwa mdomo wako, na siku hiyohiyo mwambie atakavyorudi. Usimwachie akisie kwa desturi ya nyumbani kwenu, maana hakuzaliwa nyumbani kwenu. Na wewe ukiona watu wamekunyamazia, usikae ukingoja wachoke. Kuuliza si ujinga, na wala si kujipendekeza. Uliza mapema, wakati vifaa vyako bado viko ukutani, havijaingia guniani. Na ikiwa wewe ni yule wa katikati, unayewaona wote wawili wanavyongojana, basi wewe ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote: vuka ua, ukaseme. Hilo la mwisho nimelijua kwa kulikosa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe majirani wa kukuita jioni chakula kikiiva. Akupe uchungu unaopita upesi na ulimi usiochelewa. Popote utakapohamia, uwakute watu watakaokwambia waziwazi palipo na mlango wao, na ukiwa mwenyeji wewe, usimwache mgeni akiupapasa gizani. Amina.